Aspirateri ya Honoré na Kisabo cha Céline

Mzungu wa shamba la kahawa lililokuwa juu ya Nyabiondo, kule Masisi nchini Kongo, alifunga virago mwaka wa uhuru. Aliondoka asubuhi na gari, mbwa na mke aliyekuwa analia, akawaambia wafanyakazi wake wachukue walichotaka isipokuwa nyumba yenyewe, kwa kuwa nyumba angeirudia. Hakuirudia, lakini hayo ni yake. Wafanyakazi hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Michel mchungaji alichukua ng'ombe mwenye mimba. Mpishi alichukua masufuria. Benoît, mtu wa Buleusa kule Walikale aliyekuja kuvuna kahawa akasahau kurudi kwao, alichukua kitanda cha chuma, akakibeba kichwani huku anaimba. Honoré Sebarenzi alichukua aspirateri.

Aspirateri ni ile mashine ya kunyonya vumbi: tumbo la bati, magurudumu madogo, na bomba refu mbele. Honoré alikuwa na sababu zake. Miaka yote alikuwa boyi wa nyumbani, ingawa yeye mwenyewe alisema alikuwa mkuu wa nyumba, na katika mlima mzima ni yeye tu aliyeruhusiwa kushika lile bomba. Ng'ombe kila mtu anamjua. Aspirateri walikuwa wanaijua watu wawili, yeye na mke wa mzungu, na mke wa mzungu ameshaondoka. Kwa hesabu hiyo Honoré alijiona amebaki peke yake kileleni.

Mke wake, Céline Nyiransabimana, aliizunguka ile mashine, akaigonga tumboni kwa kidole.

"Hii inatoaka maziwa?" akauliza.

"Céline, hii ni maendeleo."

"Nimeuliza tu," akasema, akaenda kwa Michel kuomba maziwa.

Walikaa katika nyumba ndogo ya udongo nyuma ya jiko la mzungu, maana Honoré ndiye aliyeachiwa funguo. Chini kwenye kijito mzungu alikuwa ameweka gurudumu la maji la kutengeneza umeme, na nyaya zikapanda mpaka juu. Maji hayakupata habari ya uhuru, yaliendelea kuzungusha gurudumu kama jana. Kwa hiyo Honoré alikuwa na umeme, na alikuwa na mashine. Alichokosa ni zulia. Siku ya kwanza aliiwasha juu ya sakafu yake ya udongo, na mashine ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikaanza kula sakafu. Alipoizima kulikuwa na shimo ambalo kuku angeweza kutagia. Alitia maji, akasiliba.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Honoré alikuwa wa aina ile ambayo kushindwa kunamfungua akili, au anadhani hivyo. Alifungua lile tumbo kwa kisu cha mezani, akakuta ndani mota ndogo, si kubwa kuliko kabichi, inayozunguka kwa kasi hata macho hayaioni.

"Benoît, ona," akamwambia rafiki yake. "Hii kitu iko na nguvu ya wanaume kumi. Na wazungu walikuwa wanaipoteza ku vumbi."

"Ni kweli," akasema Benoît, ambaye alikuwa akikubali kila kitu alichoambiwa karibu na chungu cha pombe.

Basi mota ikaanza maisha mapya. Kwanza Honoré aliifungia jiwe la kunolea, akatangaza kwamba majembe ya jirani wote yatanolewa bure. Michel alileta lake. Cheche ziliruka, watu wakashangilia, na Honoré akanogewa na kushangiliwa hata akasahau kuondoa jembe. Michel alirudishiwa kitu cha ukubwa wa mwiko. Alikigeuza huku na huku, akauliza kama ni cha kulimia au cha kugawia ugali.

"Inabaki tu reglaji kidogo," akasema Honoré.

Hilo lilikuwa neno lake. Alilisikia kwa mafundi wa mzungu, waliolitumia kila walipogusa skrubu ili kitu kikae sawasawa, na akalipenda kuliko maneno yote ya Kifaransa, kwa sababu halikuhitaji kitu kingine mbele yake wala nyuma yake. Alifunga mapanga ya bati kwenye mota ili ipepete maharagwe. Maharagwe ya Mama Anastasie yalipepetwa kweli. Makapi yalikwenda kwenye mibuni, na maharagwe yakayafuata, na kuku wa mlima mzima wakala sikukuu. Ilibaki reglaji kidogo. Aliielekeza kwenye mkaa ili ipulize moto wa jikoni, na paa la nyasi lilipona kwa sababu tu mvua ilikuwa imenyesha. Reglaji. Watu walizoea kuja jioni kukaa kwenye ukingo wa ua wake, wakiwa wamebeba mahindi ya kuchoma, kuangalia leo kitaharibika nini.

Kilichofuata kuharibika kilikuwa kisabo.

Kisabo ni kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa mpaka yatoe mafuta. Cha Céline alipewa na mama yake, Emérita Mukankusi, siku ya kuolewa, na Emérita alikuwa amekipokea kwa mama yake mwenyewe. Kilikuwa cheusi kwa moshi na laini kwa mafuta ya miaka. Hakiazimwi, hakirukwi, na mwanamke hakisuki akiwa na hasira. Céline alikuwa akikiweka juu ya ngata ya nyasi, akakaa chini, akakisukuma na kukivuta polepole, huku anawaza mambo yake. Ilikuwa saa yake ya kupumzika, kama tunataka ukweli. Honoré alipomwona akaona asubuhi inayopotea.

Siku moja Céline alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Honoré alikifunga kisabo, kikiwa na maziwa ndani, kwa vipande vya mpira wa baiskeli juu ya gurudumu la mti, na gurudumu akaliunganisha na mota kwa mkanda. Kisabo kilizunguka vizuri mara moja, na Honoré angependa hilo likumbukwe. Halafu mota ikashika mwendo wake. Maziwa yalifika kwenye dari, yakamfikia na Bikira Maria katika picha yake ukutani, na vipande vya kisabo vikatawanyika mpaka uani.

Céline alirudi, akasimama mlangoni.

"Inabaki tu..." akaanza Honoré.

Hakumaliza. Céline hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alitandika kitenge chini, akaokota vipande vyote kimoja kimoja, hata kile ambacho Honoré alikuwa amekificha chini ya mguu wake. Akamgusa tu kifundo, Honoré akainua mguu, akakichukua. Akafunga kitenge, akakiweka kichwani, akashika njia ya kwao Lushebere.

Honoré alijiambia kwamba atarudi Jumapili. Jumapili ilipita, na nyingine. Alipika muhogo ukaungua, akaula umeungua. Jioni aliongea na mota, nayo haikuwa na la kujibu ila kelele. Alimkumbuka mke wake. Tuliseme waziwazi, maana yeye alikuwa akisema kwamba ni mgongo unaomuuma.

Mke aliyerudi kwao haitwi kwa kutuma salamu. Mume anakwenda mwenyewe, na mtu wa kumsemea, na pombe. Si pombe yoyote: kasiksi, ya ndizi zilizoivishwa ardhini. Na kasiksi ina utaratibu wake. Wanaume wa jirani wanakuja asubuhi, wanamenya, wanazitia ndizi kwenye muvure, ule mti mrefu uliochongwa kama mtumbwi, wanazikanda kwa nyasi kali, polepole, wakitaniana, mpaka maji matamu na maangavu yanajitenga. Wanakuja kwako kwa sababu ulikwenda kwao. Tangu afungue tumbo la aspirateri, Honoré hakuwa amekwenda kwa mtu yeyote.

Alizunguka nyumba kwa nyumba hata hivyo. Michel alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiwa ameshika ule mwiko wake.

"Kaka, juu ya nini unaita sisi watu wa mikono?" akamuuliza. "Uko na wanaume kumi ku nyumba."

Angeomba radhi siku ile, wangekuja. Hata Michel alikuwa akingoja aombe. Lakini Honoré alisikia ule mzaha kama changamoto, akarudi nyumbani anatembea haraka.

Mtoto yeyote wa Masisi anajua kwamba ndizi ikikandwa inatoa maji, na ikikatwakatwa inatoa uji. Honoré alijua pia, alikuwa amekanda tangu ana meno ya utoto. Lakini kujua kwake kulikuwa kwa mikono, na mikono alikuwa ameistaafisha. Alifunga kipande cha bati chenye makali kwenye mota, akakishusha ndani ya muvure, na kwa muda wa kumenya viazi tu ndizi zote zilikuwa zimekwisha. Kazi ya asubuhi nzima. Akaita Benoît aje aone.

Ndani ya muvure kulikuwa na kitu kizito, cha rangi ya matope, kinachopumua.

"Maji yake iko wapi?" akauliza Benoît.

"Inakuja."

Walingoja, na maji hayakuja. Honoré akatia unga wa mtama wa kuchachua, akafunika kwa majani ya mgomba, na kile kitu kikachacha kweli, kikainua majani kama mtu anayetaka kutoka. Benoît alikionja kwa kidole, akafikiri sana.

"Ni chakula," akasema mwishowe. "Tutaambia wao ni kasiksi ya siku hizi."

Walifika Lushebere na mtungi wao wakiwa wamevaa makoti. Baba mkwe, Papa Nzabandora, aliwakaribisha na wazee wenzake. Mama Emérita hakuonekana, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawakai uso kwa uso, lakini alikuwa nyuma ya ukuta wa matete, na Céline naye. Benoît alisema vizuri. Alianza na mvua, akapitia kwenye ng'ombe, akazunguka milima yote mpaka Buleusa, na alipofika kwenye kisabo alisema ni bahati mbaya iliyompata mtu mwenye nia njema. Honoré alitazama viatu vyake. Mtungi ukawekwa katikati, mirija mirefu ikachomekwa, na Papa Nzabandora akainama wa kwanza, kama ilivyo haki yake.

Alivuta. Mashavu yaliingia ndani. Alivuta tena, na macho yakaanza kutoka. Hakuna kilichopanda. Mzee wa pili akajaribu, na wa tatu, na kwa muda kidogo palikuwa na kimya kikubwa cha wazee wanaonyonya. Nyuma ya matete mwanamke mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Papa Nzabandora aliinua kichwa, akafuta midomo mikavu.

"Benoît," akasema, "uliza mukwe wangu. Ile machine yake, wazungu waliitengeneza juu ya kazi gani?"

Benoît akamgeukia Honoré, ingawa Honoré alikuwa amesikia.

"Ya kunyonya, Papa," akasema Honoré kwa sauti ndogo.

"Ya kunyonya. Basi yeye amefanya inanoa, inapepeta, inapasua kisabo ya muke yake, inapika hii uji. Kazi yote, ila ile yake haifanye. Na leo sisi wazee njo tunanyonya pa nafasi yake."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Benoît alicheka, halafu akakumbuka yuko upande gani. Honoré alijaribu kucheka pia, akachelewa, na kicheko chake kikabaki peke yake baada ya wengine kunyamaza. Aliona aibu mpaka kwenye nyayo.

Hukumu ilitoka nyuma ya matete, kwa sauti ya Mama Emérita, taratibu.

"Mbuzi hatutaki. Mota hatutaki, abaki nayo. Kisabo ilipasuka, kisabo irudi. Apande yeye mwenyewe, achunge yeye mwenyewe. Siku kibuyu itakauka, ikiwa nzima, mutoto wangu ataipakaa mafuta na atafuata bwana yake. Kama haiko nzima, asifike hapa."

Céline ndiye aliyetoka na mbegu zimefungwa katika jani. Hakumpa Honoré, alimwekea Benoît mkononi, kama inavyotakiwa. Lakini alimtazama mume wake, na hakuwa na uso wa mtu aliyemchoka kabisa.

"Hii kitu haina mbio, Honoré," akasema. "Unasikia?"

"Nimesikia."

Na inabidi kumtendea haki: alisikia, muda mrefu. Mota aliitupa juu ya dari. Alipanda mbegu nyuma ya jiko, akatia samadi aliyoiomba kwa Michel kwa maneno ya heshima, akajenga uchanja wa miti ya kutambalia. Alikwenda kukanda ndizi za Michel, akatukanwa kwa utani siku nzima, akavumilia. Vibuyu vilipotokea akaacha kimoja tu, kile kizuri. Alikisukia ngata kisilale juu ya udongo. Alikigeuza kidogo kidogo ili tako lake likae sawa. Asubuhi alitoka kukitazama kabla ya kunawa uso. Wale waliokuja na mahindi ya kuchoma waliacha kuja, kwa sababu mtu anayemwagilia kibuyu hachekeshi. Habari zilishuka Lushebere na wanawake wa sokoni, na Benoît, aliyepita huko, alisema Céline ameuliza kama shingo ya kibuyu ni ndefu, na kama Honoré anakula.

Kilipokomaa alikivuna, akakitundika juu ya moshi wa jikoni. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kungoja tu, mpaka nyama ya ndani ikauke na mbegu zilie ukikitikisa.

Ila mvua za mwaka ule hazikujua kukatika. Kuni zilikuwa na maji, moshi ulikuwa na maji. Kila asubuhi Honoré alikishusha kibuyu, akakitikisa sikioni, na mbegu hazikulia. Na Pasaka ilikuwa inakuja. Alikuwa ameshajiona kanisani na Céline pembeni, amevaa kitambaa kipya kichwani, na Michel nyuma yao hana la kusema. Kadiri alivyojiona hivyo, ndivyo kibuyu kilivyozidi kuwa kibichi.

Ndipo maneno ya baba mkwe yakamrudia. Mashine ya kunyonya. Kazi yote, ila ile yake. Honoré aliduwaa mbele ya jiko. Mzee alikuwa amemwonyesha njia mbele ya mashahidi, naye akadhani anachekwa. Ndani ya kibuyu mna maji, maji yanatakiwa yatoke, na juu ya dari kuna mashine ambayo haikuumbwa kwa jambo lingine. Hapo hakukuwa na ukaidi, kulikuwa na utii kwa wakubwa. Aliishusha mota, akairudisha katika tumbo lake la bati, akafunga skrubu zote, akachomeka bomba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sakafu aspirateri ilikuwa aspirateri.

Alikata kibuyu mdomo, akaingiza bomba. Lilivuta, na mbegu mbili tatu zikapita zinagonga. Honoré akacheka kwa furaha. Lakini hewa ilikuwa inaingia pembeni, nguvu inapotea bure, na yeye alichukia upotevu. Akaziba shingo kwa udongo wa mfinyanzi, akazungushia kamba ya mgomba, akakandamiza kwa dole gumba mpaka pasibaki nafasi ya kupita hata sisimizi. Mota ikapandisha sauti. Ikapanda zaidi, nyembamba na kali, mpaka bati za mzungu zikatetemeka na Honoré asisikie hata pumzi yake. Hiyo ndiyo nguvu, akawaza. Hiyo ndiyo ile waliyokuwa wanaipoteza.

Kibuyu kiliingia ndani kama mashavu ya Papa Nzabandora kwenye mrija. Kikapasuka kuanzia shingoni mpaka takoni. Mota, iliyokuwa imenyimwa hewa, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele zinazoungua, ikakohoa, ikanyamaza.

Honoré alikaa na nusu ya kibuyu magotini. Hakulia, ila alikuwa karibu. Kwa muda masikio yake yalijaa ule mlio, halafu ukaisha, akasikia ng'ombe wa Michel, na maji chini kijitoni yakizungusha gurudumu. Akatoka nje kutafuta hewa.

Kizingitini palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Alikifungua. Ndani mlikuwa na mafuta ya ng'ombe, ya manjano, mapya, kiasi cha kupaka kibuyu kizima ndani na nje. Michel alikuwa amesimama kwenye ua, anatazama njia inayoshuka.

"Nani ameacha hii?" akauliza Honoré, ingawa alijua.

"Dada Céline. Alisema mama yake amechoka kungojea mvua, njo akamuruhusu aje asaidie kukausha. Alikuwa na mufuko wa nguo ku kichwa."

"Juu ya nini hakuingia?"

"Alipiga hodi mpaka akachoka. Akaniuliza uko unafanya nini mule ndani, makelele yote hii."

Honoré aliangalia njia. Haikuwa na mtu.

"Na we ukamuambia nini?"

Michel alikuna kichwa kwa ule mwiko wake, na safari hii hakuwa na uso wa utani.

"Nilimuambia ile yenye unatuambiaka siku zote," akasema. "Nilimuambia inabaki tu reglaji kidogo."